Ukuta wa Kaskazini

Msanifu Ignacia alikuja kutoka Santiago
na kompyuta, na viatu visivyojua matope,
akaiweka nyumba yangu mezani, kati ya chai na mkate:
nyumba nyeusi.
"Mabati meusi," akasema, "mistari iliyonyooka,
na hapa, upande wa kaskazini, kioo, mita tatu na nusu.
Bahari yote iingie sebuleni."

Bahari yote.
Nikamwuliza: ikishaingia, nani atapiga deki?

Hajalala Quemchi mwezi wa Julai.
Hapa mvua hainyeshi kutoka juu,
hutupwa kutoka kaskazini, kiganja baada ya kiganja,
kama mtu anayekudai.
Ndiyo maana ukuta ule umevaa vigae vya mbao ya alerse,
mti ambao leo sheria haitaki kusikia shoka lake,
kila kigae kimechongwa nchani mfano wa gamba la samaki.
Upande wa mvua vimegeuka kijivu.
Mbele ni njano, kwa sababu mwaka ule
Baba alibakiwa na makopo mawili
ya rangi ya mashua ya mjomba Eleuterio.
Hakuna aliyechagua njano. Ilitukuta.

"Basi safari hii," akasema Ignacia, "tuchague."

Nilikasirika siku tatu.
Nikamwandikia: Mwenye nyumba ni mimi.
Akajibu: Ni wewe, lakini boriti zimeoza,
na uozo hausomi hati ya nyumba.
Nikamwambia nimetengeneza injini za meli miaka thelathini na mmoja,
na chini ya kila kioo kikubwa nilichokiona
palikuwa na mtu maskini ameshika tambara.
Dada yangu Zunilda akapiga simu kutoka Punta Arenas,
akatuunga mkono wote wawili, kama desturi yake,
kisha akakata.

Jumanne mafundi wakaanza kung'oa.
Nilisimama chini nikipanga vigae,
vizima huku, vilivyopasuka kule vya jiko,
hadi fundi Amadeo akaniita kutoka juu ya ngazi:
"Bwana Baudilio, hapa palikuwa na dirisha."

Fremu ilikuwa nzima, imezibwa kwa mbao za makasha,
misumari mingi kuliko haja,
misumari ya mtu asiyetaka kuulizwa.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo sikujua nalijua:
baridi ya kioo kwenye paji la uso,
Mama amenibeba ubavuni,
tunaitazama njia ya kwenda gatini,
mwaka ule kaka Heriberto alipokwenda Patagonia kunyoa kondoo
asirudi Pasaka,
asirudi Pasaka iliyofuata.
Chungu kikaungua. Kikaungua tena.
Baba hakusema neno. Alileta nyundo.

Ignacia alipanda ngazi, hakusema "nilikwambia."
Alitoa futi yake ya chuma, akapima:
sentimita sabini kwa tisini.
Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimeshajua matope.

Sasa tunabishana upya.
Yeye ameshuka hadi mita mbili,
mimi sijapanda hata unene wa ukucha.
"Hicho si kipimo cha mandhari," ananiambia.
Hapana, namjibu,
ni kipimo cha mwanamke mmoja na mtoto ubavuni.
Anachora, anafuta. Anachora.
Nje, turubai linapigwapigwa na upepo pale palipo wazi,
na sisi wawili tunajifanya hatulisikii.

Nyeusi ameiondoa bila kuitangaza, ameleta kijivu.
Nami nimeweka mezani, kati ya chai na mkate,
kopo la njano, jipya, na risiti yake.
Analigeuza, anasoma kifuniko,
ananiuliza: hii umeichagua, au imekukuta?

Nimemwambia anywe chai kwanza, inapoa.